Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe

Kwa kina mke wangu wanaamini kwamba mwanamume akimgusa mama mkwe wake, mmoja wao atashikwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Wanauita obuko. Mimi ni mtoto wa askari kutoka kaskazini, nimekulia kambini, ambako makabila yote yalilala ukuta kwa ukuta na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkwepa mkwe. Lakini nilipooa niliishika adabu yao. Kila nilipokwenda kwa mama mkwe, mtaani Kawempe, nilikaa karibu na lango, tukasalimiana kwa mbali. Maji ya kunywa aliyaweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo nikaenda kuyachukua.

Jambo moja lilikuwa likinichekesha, enzi hizo nikiwa bado nacheka. Zamani wanawake wa kwao walikatazwa kula senene, wale panzi wanaokuja na mvua za Novemba. Waliwakamata, wakawanyonyoa mabawa, wakawakaanga, wakala wanaume. Mama mkwe aliuvunja mwiko huo mara tu alipofiwa na mumewe, na tangu hapo akawala bila kumwomba mtu radhi. Mwiko wa mkwe ndio alioushikilia kwa mikono miwili. Yaani alijichagulia.

Siku hiyo mke wangu alikuwa dukani kwake Kisenyi, akanituma nimpelekee mama yake gunia la makaa. Nilimkuta uani akikaanga senene kwenye sigiri, anaonja na kuonja tena. Nilikuwa bado napumzika pale langoni alipoanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Kisha akaacha kujikuna, akashika kifua, jasho likimtiririka. Akaniambia kwa Kiswahili, lugha aliyoidharau kwa kuwa kwake ilikuwa ya wanajeshi tu: "Kifua inabana. Mukono pia inauma." Akaanguka hatua chache kutoka kwenye moto.

Niliwaita majirani wa kike, nikagonga milango. Wote walikuwa kwenye biashara zao. Basi nikambeba. Nilisimamisha bodaboda, tukampakia katikati, dereva mbele na mimi nyuma, nimemkumbatia mama mkwe wangu mpaka hospitali ya Mulago. Kawempe nzima ilituona. Wengine walicheka.

Hospitalini daktari, binti mwenye sauti ya upole, alimdunga sindano ya adrenalini pajani, halafu akampima moyo kwa mashine. Mke wangu alipofika akihema, daktari alituita pembeni akatueleza. Mwili wa mama umewakataa senene, alisema. Kemikali ambazo mwili unazimwaga unapokataa kitu ndizo zilizomvimbisha midomo, na ni hizo hizo zilizobana mishipa inayoulisha moyo damu. Amepata mshtuko wa moyo, na chanzo chake ni chakula. Asile tena senene, hata mmoja.

Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka. Shukrani zenyewe hazikudumu. Shangazi wa mke wangu aliingia, akamtazama mgonjwa, akaona mikono inatetemeka juu ya shuka. Daktari akamweleza kwamba ni ile sindano, huwatetemesha wengi, itaisha yenyewe. Na iliisha, kabla hata jua halijazama. Lakini shangazi alikwisha kusikia habari za bodaboda, na simu alikwisha kupiga kwa ukoo mzima.

"Huyu alimushika," akasema, akininyooshea kidole. "Munaona mikono? Senene haina makosa."

Nikapigwa marufuku kukanyaga kwa mama mkwe. Hilo ningelimeza, hata kama lilikuwa chungu. Kilichoninyima raha ni senene. Kama mkosaji ni mimi, basi wao wamesamehewa, na msimu ukifika watarudi kwenye kikaango. Nilimsihi mke wangu amkataze mama yake.

"Nimesema, Baba Watoto," akanijibu. "Yeye anasema sumu ni wewe."

"Na wewe unasemaje? Daktari ulimsikia kwa masikio yako."

Aliendelea kukunja nguo za watoto. "Nilisikia, ndiyo. Lakini mikono pia niliona."

Nilimchukia jioni ile, nasema kweli. Wengine hawakuwepo daktari alipozungumza. Yeye alikuwepo, amesimama bega kwa bega na mimi, na aliitikia kila neno.

Msimu uliofuata mama mkwe alikula. Mambo yalivyokwenda tuliyasikia kwenye mazishi, kutoka kwa shangazi mwenyewe, nami nimesimama kule mbali wanakowekwa wakwe. Walikuwa wanawake peke yao nyumbani, alisema, wanapika. Mama akavimba midomo, akalalamika kwamba kifua kinabana. Wote wakaikimbilia mikono yake, wakaishika, wakaitazama kwa makini. Ilikuwa imetulia. Wakajua si obuko, kwa hiyo si jambo kubwa. Wakamkalisha kitini apumzike, wakarudi kwenye masufuria yao. Walipomletea chai alikuwa amekwisha kufa.

"Hakutetemeka hata kidogo," shangazi akawaambia waombolezaji, tena kwa fahari. "Alienda vizuri."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mke wangu naye akaitikia.