Kodi ya Apolonia

Sekela alikuwa mjane wa Kinyakyusa, anashona nguo kwa cherehani ya mkono aliyoachiwa na marehemu. Mwaka 1955 alipanga chumba mjini Mbeya pamoja na Apolonia, Mhehe wa Iringa, muuza vitumbua. Enzi zile wanawake wasio na waume hawakupewa chumba hivi hivi, kwa hiyo wakasema wao ni ndugu.

Mwenye nyumba, Mzee Jailos, akawatazama. "Mmoja Mnyakyusa, mmoja Mhehe. Baba yenu alikuwa dereva wa lori?"

"Ndiyo, baba, alisafiri sana," Apolonia akajibu, wala hakupepesa macho.

Wakatia dole gumba kwenye karatasi moja, kama ndugu, chumba cha mwaka mzima. Waliishi vizuri, tusiseme uongo. Walipika chungu kimoja, na baridi ya Juni ilipokaza walijifunika blanketi moja.

Mwezi wa saba Apolonia akakunja mkeka, akarudi Iringa na mwanamume. Hakuaga. Jailos alipofuata kodi, Sekela akampa nusu kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hii nini?"

"Sehemu yangu, mzee. Ya mwenzangu kamdai mwenyewe."

"Mimi nilipangisha chumba, mama. Sikupangisha upande wa kitanda."

Sekela akaendelea kutoa nusu kila mwezi, hadi Jailos akampeleka barazani. Mzee wa baraza akaitazama karatasi.

"Apolonia ni ndugu yako au si ndugu yako?"

Sekela akaiangalia alama ya dole lake. Akikana, amemdanganya mwenye nyumba, atatolewa leo hii, na shemeji zake huko Tukuyu walishamwambia asirudi. Akikubali, hana pa kujitetea.

"Ni ndugu yangu."

"Basi. Mliahidi pamoja, na aliyebaki ndiye anayebeba yote. Ukimpata Iringa, mdai wewe."

Nauli ya Iringa angeitoa wapi? Kitu chenye thamani cha kulipia deni kilikuwa kimoja tu, cherehani. Mnunuzi alikuja na Jailos mwenyewe, akataka kwanza aone kama inashona. Sekela akaketi, akatia uzi, akapitisha kipande cha kitambaa cha marekani chini ya sindano.

"Na kodi ya mwezi ujao utaitoa wapi?" Jailos akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Sekela aliendelea kuzungusha mkono wa cherehani mpaka kitambaa kikaisha.