Mbwa Yetu na Nyama ya Fisi

Wee, nyinyi chekeni tu, lakini hiyo mbwa ilikuwa askari! Tulikuwa tumehamia Kitengela kutoka Ukambani, miaka ya tisini hivi, nyumba bado ni chache. Nilikuwa na mbuzi zangu, na fisi huko walikuwa wengi kama kuku. Bila hiyo mbwa mbuzi zingeisha zote. Na bwana yangu, ai, huyo alikuwa ameweka gate ya mabati kubwa kama ya chifu, kufuli mchana na usiku! Majirani Wamaasai wakatupatia jina: watu wa gate.

Asubuhi moja nasikia mbuzi zinalia. Kutoka nje, mbwa imerudi kupitia chini ya seng'enge, inapepesuka kama mlevi, mate inamwagika, inatetemeka yote. Nikapiga nduru!

Watu wakaja, kila mtu na dawa yake. Bwana yangu anasema, "Maziwa! Ipatieni maziwa!" Mama jirani, roho safi huyo, akakuja mbio na mafuta ya kondoo, maana kwao Wamaasai hiyo ndio dawa ya kila kitu. "Shika mdomo, mimi namwaga!" Tukamwaga. Mbwa haikuweza kumeza, ikakohoa, ikaanza kupumua vibaya. Na sisi tunafurahi eti tumesaidia!

Bwana yangu akaenda na baiskeli, akarudi na daktari wa mifugo.

"Imekula nini?"

"Hatujui, daktari."

"Na hii mafuta ni ya nani?"

Mama jirani akaficha chupa nyuma yake.

"Mbwa ikitetemeka hivi, humwagi kitu kwa mdomo, inaingia kwa mapafu. Unatafuta chenye imekula, unaniletea mbwa haraka. Basi."

Akadunga sindano. Hapo mzee jirani, bwana ya yule mama wa mafuta, akafika na fimbo yake.

"Supa," akatusalimia kwa Kimaasai.

"Ipa," tukaitikia.

"Ni sumu yangu. Nimewekea fisi kwa nyama ya ng'ombe yenye ilikufa. Jana nilizunguka kila boma, nikasema fungeni mbwa. Hapa kwenu nilikuta gate."

"Si ungegonga, mzee?" bwana yangu akamuuliza.

"Mimi nigonge mabati? Mtu anaingia, anakaa, anakunywa chai, ndio anasema neno. Hiyo gate yako inapikanga chai?"

Mimi kicheko ilinishika, haki ya Mungu, na mbwa inakufa hapo mbele yangu!

Ikakufa kabla maharagwe yangu ya mchana iive. Daktari akasema tuizike chini kabisa pamoja na ile nyama imebaki, ndio tai na mbwa zingine zisikule. Mzee jirani mwenyewe akachimba, jasho inamtoka.

Na fisi? Yule aliwekewa sumu sijui kama alikula. Wenzake walikuja. Mbuzi zikaliwa moja moja, ya mwisho ikiwa na mimba, na mimi nikaishia kufuga kuku.