Mikono ya Adelgunda

Kijiji kizima cha Kanoni kilijua kwamba mikono ya Adelgunda haina subira. Inzi akitua ukutani, keshakufa. Kupe, panzi, siafu, wote walilijua lile dole gumba. Kwa hiyo mwaka ule wa 1938, chawa weupe walipoivamia mibuni sitini aliyoachiwa na marehemu mumewe, majirani walicheka wakasema chawa wamekosea mlango.

Placidius, bwana shamba kutoka Bukoba, hakucheka. "Mama, nakupa miezi miwili. Nikirudi nikawakuta, mibuni hii nitaing'oa na kuichoma, isije ikaambukiza jirani."

Adelgunda hakuwa na kingine. Mibuni ile ndiyo iliyowavisha wanawe, na kila shina lilipandwa na mkono wa mumewe. Basi kila alfajiri aliingia kibanjani, shambani mwake, kuwaponda chawa. Alianza na wale wakubwa wenye manyoya meupe marefu, waliotembea upesi kuliko wenzao, maana kwake hao ndio wazee wa ukoo. Mwezi ukaisha, na chawa wakaongezeka maradufu.

Kilichomuuma zaidi ni wifi yake Xaveria, mwenye kibanja kinachopakana na chake. Xaveria, mvivu wa kutajwa, hakuponda hata mmoja. Alikaa barazani akitafuna kahawa, na mibuni yake inang'aa. Mungu naye!

Adelgunda akaamua kumwekea Placidius ushahidi wa adui aliyekuwa akipambana naye. Alimtia mzee mmoja mwenye manyoya ndani ya chupa ya dawa, akamtilia na chawa wadogo ishirini wasimwache mpweke. Asubuhi mzee yupo, wajukuu hawapo. Akamtilia wengine, nao wakaliwa. Siku kadhaa baadaye mzee alijibandika kwenye kioo akatulia kama maiti. Wiki ikapita, akatoka mdudu kibibi, mviringo, mweusi, mwenye madoa mawili mekundu mgongoni.

Adelgunda aliketi palepale kwenye matandazo ya nyasi. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Muda wote ule alikuwa akiwaua vibarua wake mwenyewe, tena kwa bidii.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akabeba ungo, akaenda kwa Xaveria.

"Wifi, naomba wadudu."

Xaveria nusura apaliwe na kahawa. "Wadudu? Wewe?"

"Mimi. Wale wenye manyoya. Na kama ni kucheka, cheka upesi, zimebaki siku kumi."

Xaveria alicheka mpaka akalia, lakini hakumnyima. Wakawahamisha pamoja, jani kwa jani.

Placidius alipofika na panga lake, chawa walikuwa wamepungua, hawajaisha. Akakunja mikono ya shati. Adelgunda akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana mgeni hakatai kahawa.

"Keti, mwanangu. Tafuna, huku ukitazama tawi hili."

Akatafuna. Akatazama. Mwenye manyoya alikula chawa wa kwanza, wa pili, wa tano. Taya la Placidius likasimama.

"Mama," alisema polepole, "jana nimewaambia watu wa Kituntu wawaponde wote, waanze na hawa wakubwa."

"Sasa umekaa unangoja nini? Kimbia!"

Alirukia baiskeli, panga akalisahau barazani. Adelgunda akaingia kuitembelea mibuni ya mumewe, mikono ameifunga nyuma, dole gumba likimwasha.