Nilivyomchora Mfalme wa Kaniki

Mpaka leo wapo wazee wa Buguruni na Temeke wanaonisimamisha harusini kuniuliza kama ni mie niliyemchora Mfalme wa Kaniki. Nikikubali wanacheka, wanageuza macho juu kama alivyokuwa akifanya yeye gazetini, wanasema maneno yake: "Watakaobaki ni wangu." Wanadhani wananifurahisha. Huwa natafuta kisingizio nikaondoka, maana nikikaa nitawatukana bure, na wao hawana kosa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha chapa mjini, naenda kwa baiskeli kila asubuhi kutoka Buguruni, ambako siku hizo mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Nilianza kwa kusafisha herufi za madini ya risasi zinazopangiwa maneno. Mhariri wa gazeti letu la kila Jumamosi, mtu wa bara aliyesomea misheni, mpole, mwenye miwani, alinikuta siku moja nachora nyuso za wenzangu kwenye karatasi zilizoharibika. Akanipa ukurasa wa mwisho: picha sita, maneno machache chini yake, hadithi inayoendelea wiki hadi wiki. Nikabuni tarishi wa posta anayekimbiza waovu kwa baiskeli. Waovu wenyewe walikuwa wezi wa kuku na matapeli wa mnadani. Watu waliisoma wakaisahau.

Nyumbani tulikuwa mie, mama, na dada yangu aliyenizidi miaka minane. Mumewe alikuwa mpishi melini, akiondoka haonekani kwa miezi. Dada alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ya tatu ilikaa, akapata binti, akampenda kwa hofu. Mtoto akipiga chafya, dada hali chakula siku hiyo. Hofu hiyo ndiyo iliyompeleka kwa yule mtu.

Yule mtu alikuwa na kiwanja nyuma ya soko, kimezungushiwa uzio wa makuti. Zamani alikuwa dresa hospitalini, anafunga vidonda na kugawa dawa, akafukuzwa kwa jambo ambalo hatukulijua. Alivaa joho la kaniki nyeusi mpaka miguuni, na alikaa juu ya kiti cha kinyozi, kile cha chuma kinachozunguka, sijui alikitoa wapi. Wafuasi wake walimwita Baba. Aliwaambia kwamba moto unakuja juu ya mji huu, na hautamgusa aliyekunywa maji ya bakuli lake na kufunga utepe wa kaniki mkononi, wala mtoto wake. Masharti yalikuwa matatu. Usiende hospitali, kwa sababu sindano inafunga damu. Usile na asiyekunywa. Na akifa mtu wako usimlilie, kwa sababu anayelia amekiri kwamba moto umemshinda.

Dada alinichukua nikamwone. Nilikwenda kwa sababu mama alitaka kujua binti yake anaingia wapi. Nilimwamkia shikamoo, naye akaipokea bila kunitazama, huku vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono cha mama mmoja, anahesabu mapigo ya damu kama daktari. Ile shikamoo naijutia hadi leo. Alipomaliza alikizungusha kiti taratibu, akanitazama, akasema amesikia kwamba mie ni mchoraji. Dada alikuwa amekwisha kumweleza mambo yetu yote.

Miezi michache baadaye dada alihamia kule na mtoto. Mama alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Dada alikusanya vyombo vyake, na kwa kuwa hakuruhusiwa tena kula nasi, alikataa hata maji ya kunywa njiani.

Habari ya ugonjwa tuliipata kwa mwanamke anayeuza mbaazi sokoni. Alisema mtoto ana homa siku ya tatu na jana alishikwa na degedege. Nilichukua baiskeli mchana ule ule, nikafunga mto kwenye kibebeo nyuma ili dada akae amempakata mtoto, tuwahi hospitali. Langoni wanaume wawili walinizuia, lakini hawakunipiga, walisimama tu mbele yangu. Nikaita. Dada akatoka na mtoto begani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia, na vishanga vya mguuni vilikuwa vinatikisika kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka.

Nilimwambia kila nililoweza. Nilimwambia hospitali si mbali, nitamngoja, nitamrudisha mwenyewe hapa hapa. Aliniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Ukimtoa hapa, mdogo wangu," alisema, "wewe ndiye utakayekuwa umemuua."

Akarudi ndani. Ningeweza kumpokonya. Nilikuwa na nguvu, na wale wanaume wawili hawakuwa wakubwa kuliko mie. Nimelifikiri jambo hilo kila siku ya maisha yangu. Sikumpokonya kwa sababu yalikuwa maneno ya dada yangu, na mie tangu utoto nilikuwa namtii.

Mtoto alikufa Ijumaa, kabla ya swala ya adhuhuri. Mama alikwenda na sanda mkononi, wakampokea sanda na kumwacha nje. Akaanza kulia pale barabarani, kilio cha bibi aliyefiwa na mjukuu, na kundi la wanawake likatoka kumwambia anyamaze, anaharibu. Miongoni mwao alikuwamo dada yangu, macho makavu, amemziba mama mdomo kwa kiganja chake. Niliona kwa macho yangu. Mtu aliyeweza kumfundisha binti kumziba mama yake mdomo siku ya msiba, mie sijui jina la kumpa.

Nilikwenda kwa jumbe. Akasema yule ni mganga, na waganga wapo wengi. Nikaenda polisi. Koplo akauliza mlalamikaji ni nani, nikasema mie, akasema mlalamikaji ni mama wa mtoto. Wakamwita dada, naye akasema ni kazi ya Mungu. Mwisho nilifikishwa kwa ofisa wa Kizungu, kijana kuliko mie, ambaye kupitia mkalimani aliuliza swali moja tu: je, mtu huyo huwaambia watu wasilipe kodi, au anaisema vibaya serikali? Nilijibu kwamba sijamsikia akisema hivyo. Ofisa akafunga jalada, akaninyooshea mlango. Mtoto wetu hakuwa kodi wala serikali.

Basi nikamchora. Nilikaa na kalamu na wino, nikamtoa kama alivyo: joho, kiti cha kinyozi, pengo la jino la mbele, macho yanayopanda juu akisema. Nikampa jina la Mfalme wa Kaniki. Nikampa jeshi la watu waliofunga tepe mikononi, wanaochoma maghala na kuteka watoto, huku tarishi wangu akiwafukuza kutoka Keko mpaka porini Bunju. Nikamwekea mdomoni maneno yake mwenyewe, yale aliyowaambia wafuasi kila jioni, kwamba watakaobaki baada ya moto ni wake. Nilitaka kila atakayeyasoma amchukie kama nilivyomchukia mie.

Wakampenda. Kabla ya hapo gazeti lilikuwa linabaki, sasa likawa linaisha asubuhi. Watoto walijifunga vitambaa vyeusi wakigombania nani awe Mfalme, na hakuna aliyetaka kuwa tarishi. Mafundi seremala wa Keko walisalimiana kwa maneno yake. Mhariri alinipigapiga begani, akasema nimefika, nisimwue huyu mtu upesi. Nikaona haya kumwambia Mfalme ni nani hasa. Na nitasema kweli, kuna wiki nilizofurahi. Nilipita mahali nikasikia wanaulizana Mfalme atafanya nini Jumamosi, nikapanda baiskeli yangu kifua mbele. Hasira yangu kubwa kuliko zote ni juu yangu mwenyewe, kwa wiki zile.

Siku moja nikaitwa kiwanjani. Nilikwenda nikidhani dada anaumwa. Nikapokewa vizuri, nikapelekwa kwenye chumba wanachokaa wageni wakingoja maji ya bakuli, na ukutani nikaona kurasa zangu. Zote, tangu wiki ya kwanza, zimebandikwa kwa uji wa wanga, zimepangwa kwa utaratibu. Chini yake wamekaa watu nisiowajua, wengine wametoka Kinondoni, wengine mbali zaidi, wanaonyeshana picha kwa kidole: huyu ndiye.

Yule mtu alikuja mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umenifikisha mahali ambapo miguu yangu isingefika," alisema. "Dada yako alisema una moyo mzuri. Hakusema uongo."

Hakuwa ananidhihaki. Lingekuwa jambo rahisi kama angenidhihaki. Alikuwa anashukuru kweli. Kwake, kuchorwa mwovu au mwema kulikuwa kitu kimoja, mradi amechorwa mkubwa. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kiwandani, kwenye meza yangu.

Wiki ile sikuchora mbio wala mapigano. Nilichora picha moja iliyojaa ukurasa mzima. Mkeka, juu yake mtoto amefunikwa shuka, mguu mmoja umetokeza na vishanga vyake. Kando mama amekaa, na mkono wa mtu asiyeonekana umemziba mdomo. Nyuma kabisa, mdogo kama nzi, Mfalme yuko kwenye kiti chake anakula wali. Chini sikuandika neno.

Mhariri aliitazama muda mrefu. Alisema ni picha nzuri, ila si hadithi; watu wanataka wacheke Jumamosi, hawataki msiba. Nikamweleza yote, mtoto, mama, sanda. Alivua miwani, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema nichore nyingine. Nikachora nyingine, ya mbio, akaridhika. Lakini fundi anayegeuza michoro kuwa vibati vya kuchapia alikuwa rafiki yangu, na yeye pia alikuwa amezika mtoto. Nilimpa zote mbili, naye akajua ipi ya kutia mashineni.

Jumatatu nilifukuzwa kazi. Mhariri hakunifokea. Alinionyesha barua zilizoletwa kwa mkono na wasomaji wanaolalamika kwamba wameibiwa Mfalme wao.

Yaliyotokea kiwanjani nilisimuliwa na yule mwanamke wa mbaazi, ambaye alikuwa akipeleka chakula kule. Wafuasi walibandika ukurasa ule kama walivyobandika nyingine, hawakuutazama sana. Dada yangu hakujua kusoma, lakini picha haihitaji kusoma. Alikuwa anafagia chumba cha wageni. Akasimama mbele ya ukuta, ufagio mkononi. Alivijua vile vishanga, alivitunga mwenyewe. Kisha akapiga ukelele, akakaa chini, akalia kilio alichokizuia tangu ile Ijumaa. Wenzake walikimbilia kumnyamazisha. Mmoja, ambaye mwanawe wa kiume alifia pale kabla ya wetu, alifika, akaitazama picha, akaketi naye akaanza. Halafu wa tatu. Yule mtu akatoka akawaamuru wanyamaze, na kwa mara ya kwanza watu walisikia anasema na hakuna anayemsikiliza. Alirudi kwenye kiti chake, akakizungusha kikatazama ukutani.

Sisemi kwamba nilimwangusha. Waliondoka wengi, si wote. Kabla ya mvua za masika alihama na waliobaki, wakaenda kufyeka pori upande wa Bunju, na huko aliishi miaka mingi, akazeeka, akazikwa na watu wengi waliomlilia kwa sauti bila kukatazwa na mtu. Hakuna aliyemwuliza kitu, si jumbe, si polisi, si Mwingereza, wala serikali yetu iliyokuja baadaye. Gazeti lilipata mchoraji mwingine, Mfalme akaendelea kuwateka watoto kila Jumamosi kwa muda mrefu. Mie nilipata kazi Keko, kupaka rangi na kuchora maua kwenye vitanda vya mafundi.

Dada alirudi nyumbani siku ile ile aliyolia mbele ya ukuta, kwa miguu, bila mzigo. Mama alimwogesha kama mgonjwa. Mie nilingoja aniambie neno, na kwa ujinga wangu nilidhani litakuwa la shukrani. Lilikuja baada ya siku nyingi, tunachambua mchele uani.

"Ulimchora mwanangu bila kuniuliza," alisema. "Umemweka ukutani kwa yule mtu."

Alikuwa na haki. Wote wawili, mie na yule mtu, tulimtumia mtoto yule, na kwamba mie nilikuwa na sababu nzuri hakukumpunguzia dada chochote.

Tuliishi nyumba moja miaka mingine mingi. Mumewe aliporudi na meli alizaa tena, wa kiume, akamkimbiza hospitali kwa kila kikohozi. Alinipikia, alinifulia, alinicheka nilipooa nikiwa nimekwisha kuota mvi. Jambo lile hatukulitaja. Ila mara moja, mwanawe akiwa amekwisha kwenda shule, alinijia na karatasi safi na penseli ya mtoto. Hatukuwa na picha ya binti yake, siku zile nani alikuwa na kamera. Akaniomba nimchoree uso wake, uso tu, akiwa hai.

Nilikaa na ile karatasi mchana kutwa. Nilichora mashavu, nikafuta, nikachora paji la uso, nikafuta. Uso wa yule mtu ningeuchora nimefumba macho, pengo, mikunjo, kila kitu, nilikuwa nimemchora mara nyingi kuliko nilivyomtazama mtu yeyote duniani. Uso wa mtoto haukuja. Dada alikaa karibu nami akishona, hakunihimiza, mpaka jua likazama na karatasi ikatoboka kwa kufutwa.