Viatu vya Siku ya Picha

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha kijijini kwetu Nachingwea, asubuhi wafadhili walipokuja kutupiga picha sisi watoto tuliolipiwa ada. Mama alikuwa amevisugua viatu vyangu vya mtumba mpaka vikameta. Bwana wa kamera, kitambi kikimtangulia, akanikagua kama mbuzi wa mnadani.

"Huyu avue viatu. Hivi haonekani maskini."

Mama akainama kunifungulia kamba, akaninong'oneza kwa Kimwera: "Vua, mwanangu. Wametoka mbali kuutafuta umaskini, tusiwanyime."

Kisha akainuka, akawachekea vizuri sana.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Kila siku ya picha nilisimama pekupeku, viatu vikinukia dawa ndani ya kanga ya mama.