Neno la Kubebea Jiwe

Asubuhi siamki, ninajikunjua. Kwanza shingo, halafu bega la kulia, halafu vidole, ambavyo mashine ya kukatia mawe imevitetemesha miaka mingi hata vinakataa kushika kijiko. Mgongo ninauacha wa mwisho, kama mgonjwa mwenye hasira. Mke wangu akiniuliza nimelalaje, namjibu nimelala. Mengine anayaona mwenyewe.

Kazi yetu ni kukata mawe. Katika yadi moja ya mtaa wa Kilibula tunatengeneza ngazi, meza za jikoni, na zaidi ya yote mawe ya makaburi, maana mji wetu wa Uvira haujawahi kutunyima makaburi. Bamba la jiwe tunaliita dale. Dale moja linataka watu wanne, na hao wanne wanataka mmoja wao wa kupiga sauti ili wanyanyue pamoja. Tangu nianze kazi ile, sauti ilikuwa ya yaya. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na huyu ni wangu wa tumbo moja. Neno lake alilirithi kwa baba yetu, aliyekuwa akivunja kokoto kando ya mto Kalimabenge. "Jikaze!" Tukilisikia tu, tunauma meno, tunakaza mgongo, na dale linaondoka chini.

Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Hapa kwetu ndilo tunaloambiana matangani, ndilo tunalomwambia mwenye njaa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto akianguka, jikaze. Ni dawa ya kila kitu kwa watu wasio na dawa. Lakini mtu anachoka kujikaza, na hakuna anayekuuliza utalegeza lini.

Siku moja tulikuwa tunapeleka ngazi kwenye nyumba moja ya mtaa wa Rugenge. Gari lilishindwa kupanda, tukatumia pusipusi, kile kigari cha kusukuma kwa mikono. Pale mlangoni yaya akaita, dale likanyanyuka, yeye hakunyanyuka. Alibaki ameinama, mikono magotini, kama anayetafuta sindano mchangani. Tuliweka jiwe chini haraka. Yeye alikuwa anamwomba mwenye nyumba msamaha.

Pikipiki ilimshinda kukalia. Alirudi nyumbani kwa pusipusi ileile iliyoleta jiwe, na kila aliyetusimamisha njiani alimjibu, "Ni mugongo tu."

Tulimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese. Alimeza diklo, vile vidonge vya maumivu, mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Mwishowe nilimpeleka kituo cha afya, kwa mama mmoja wa kine, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi. Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, niseme wazi: nilikuwa nimeanza kuinama kama yeye, na sikutaka mgongo wangu uishie ulikoishia wake.

Yule mama alituonyesha benchi la wagonjwa, akasema tulinyanyue vile tunavyonyanyua mawe. Yaya hakuruhusiwa kushika, akapiga sauti tu. Nilivuta benchi juu kwa kishindo.

"Ile neno ni ya nani?" mama aliuliza.

"Ni yangu," yaya akasema. "Na ya baba yangu."

"Basi, papa, uiache. Muntu akisikia 'jikaze', anakaza mugongo, anasahau miguu. Mumwambie kwanza ashuke. Akunje magoti, jiwe ikuye karibu na tumbo, kisha ndiyo asimame."

Kurudi nyumbani yaya alikataa mkono wangu. Nilijua kimemuuma nini. Mgongo ulikuwa umeondoka, sasa na neno nalo.

Kule yadini nafasi ya yaya ilichukuliwa na mwingine, na sauti ikawa yangu. Mara ya kwanza niliposema "Tushuke", walicheka hadi mmoja akakaa juu ya dale.

"Tushuke wapi? Mu choo?"

"Minye siko mwenye kupuliza moto. Kuchuchumaa ni ya bamama ba jikoni."

"Weye, sisi tuko chini tangu zamani, unatushusha tena?"

Niliwajibu kwamba bamama ba jikoni wanazeeka wakiwa wamenyooka, na sisi tunazeeka tukitazama vidole vya miguu. Wiki ile walishuka kwa dhihaka, wakijishika viuno kama bibi arusi, lakini walishuka. Baadaye walishuka bila dhihaka, kwa uchovu. Mtu aliyechoka anakubali upesi kitu kinachompunguzia.

Mengine yalifuata moja moja. Tuliacha kulaza madale chini; tunayasimamisha kwenye fremu ya mbao yenye vipande vya tairi, ili asubuhi tusiyanyanyue kuanzia vifundoni mwa miguu. Meza ya kukatia tuliipandisha kwa matofali hadi kiunoni. Mashine tunapokezana kabla vidole havijafa ganzi. Patroni, mwenye yadi, alinung'unika kuwa tumekuwa wazee, na sisi tulimkubalia.

Sitasema tumepona. Kilichoharibika kimeharibika, na jiwe halijapungua uzito. Ila bado ninasimama, na wale wenzangu watatu bado wanasimama.

Yaya hakurudi kazini. Anakaa uani kwake kwenye kiti kifupi. Nikimweleza habari za yadi anasikiliza, ila hakuwahi kuniuliza ninaitaje siku hizi. Mimi pia sikumwambia. Ilikuwa kama nimevaa shati lake bila ruhusa.

Jumapili iliyopita nilimpitia twende ibadani. Wimbo ulikuwa umeshaanza, tulikuwa tumechelewa, na kiti kile kifupi kilikuwa kimemkamata. Nilimshika kwapani, nikiwa nimesimama wima kama mjinga, nikasema lile la siku zote.

"Yaya, jikaze."

Hakusogea. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Hapana," akasema. "Minye nimechoka kujikaza. Sema ile ingine."

Niliona haya kuitamka mbele yake. Alingoja, mkono wake begani mwangu.

"Tushuke," nikasema.

Yeye hakuwa na pa kushuka tena. Nilishuka mimi, nikakunja magoti hadi uso wangu ukafika usoni pake, nikamvuta karibu na tumbo langu, na tukasimama.