Saa Moja na Nusu Kutoka Tabora

Mama yangu mdogo alipolazwa Dar es Salaam, mama alikuwa hajazungumza naye kwa miaka tisa. Waligombania nyumba ya wazazi wao pale Tabora, mmoja akitaka iuzwe, mwingine hataki, wakaambiana maneno mazito mbele ya waombolezaji kwenye msiba wa babu. Nilipompa habari za ugonjwa, mama aliendelea kukunja kanga zake, kisha akaniambia nimkatie tiketi ya treni.

Daktari alikuwa amenieleza kuwa hali si nzuri. Nikakata tiketi mbili za ndege.

Asubuhi ile rubani alitutangazia umbali na muda wa safari: saa moja na nusu tu. Mama aliniomba nirudie, nikarudia. Chini reli ilipita katikati ya miombo, nikamwonyesha pale nilipodhani ni stesheni ya Igalula. Hakutazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nikadhani anasoma dua.

Babu yake mama alitembea njia hiyo hadi pwani, mzigo begani, miezi na miezi. Nami nilikuwa najivunia ile saa moja na nusu kana kwamba nimeibuni mwenyewe.

Tulipotua, mama hakutaka teksi. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango wa kutokea, mkoba mapajani. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu. Kwenye treni ningekuwa na usiku mzima wa kufikiri nitamwambia nini. Sasa nimeshafika, na sina neno."

Nilichoogopa mimi ni kuchelewa. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu anaweza kuwahi mno.

Tukakaa. Nikamletea chai, akainywa polepole huku akiwatazama watu wakipokewa na ndugu zao. Baada ya kama saa nzima akasimama, akajitanda mtandio wake vizuri, akasema twende.

Wodini, mama mdogo alikuwa amekonda hata sikumtambua upesi. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwa ndege. Hata sikupata muda wa kupanga la kukwambia."

"Basi keti."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mdogo wake juu ya shuka, akaanza kuukanda. Nyumba haikutajwa siku ile, wala siku zilizofuata. Walizungumza habari za majirani, nani kaolewa, nani kahamia Isikizya.

Mama mdogo aliishi miezi mitano zaidi. Kila Ijumaa baada ya swala walipigiana simu, na mara nyingi nilimkuta mama uani akibishana naye, huku anacheka, kuhusu nani kati yao aliyevunja mtungi wa bibi walipokuwa wadogo.